Bei ya bango si bei ya mashine: Wamarekani waliligundua hilo mwaka 1958

MWAKA juzi nilikwenda Morogoro mjini kununua mashine ya kusaga unga. Mimi na shemeji yangu tulikuwa tumejichanga kwa miezi minane, tukitaka kufungua kazi kijijini kwao, ambako kina mama walikuwa wakitembea kilomita sita na debe la mahindi kichwani. Mbele ya duka moja tulikuta bango kubwa limeandikwa: Mashine ya kusaga, Sh1,600,000. Tukaingia kwa furaha.

Mfukoni tulikuwa na Sh2,400,000. Hesabu yetu ilikuwa kwamba tukishalipa mashine, tutabakiwa na nauli ya Fuso na fedha ya fundi. Tulipokuwa tunamaliza kuhesabu noti, kijana wa duka akaniuliza kwa upole: "Mzee, mota mnayo?"

Nikamwuliza, mota ipi? Akajibu kwamba bei ya kwenye bango ni ya kinu peke yake. Mota ni Sh1,900,000, starta yake Sh320,000, pulei na mikanda Sh180,000, na kitako cha chuma cha kufungia Sh250,000. Jumla Sh4,250,000. Shemeji akakaa kwenye ngazi ya duka asiseme neno.

Tulirudi nyumbani mikono mitupu. Mashine tuliipata miezi kumi baadaye kwa mkopo, na riba ya mkopo ule imekula faida ya mwaka mzima wa kwanza. Kijana yule hakutuibia na wala hakusema uongo. Kinu ni mashine ya kusaga. Ila kinu bila mota hakisagi hata punje moja, na aliyeandika lile bango alilijua hilo kabla yetu.

Msomaji unaweza kushangaa, lakini siku ile nikiwa kwenye basi nilikumbuka gari la spoti la Kimarekani. Tangu ujana wangu nimekuwa mpenzi wa kusoma habari za magari ya zamani, na gari ninalolifahamu vizuri zaidi ni Chevrolet Corvette. Historia ya gari hilo katika miaka yake ya mwanzo ni historia ya orodha ya vifaa vya ziada: injini gani, gia gani, breki gani, na kila kimoja kwa bei yake. Naamini orodha hiyo ina somo kwa kila anayenunua trekta, pawatila, pampu ya maji au mashine ya kusaga hapa kwetu.

Gari lenye indiketa za hiari

Corvette ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Januari 1953 katika hoteli ya Waldorf-Astoria mjini New York, kwenye maonyesho ya kampuni ya General Motors. Lilikuwa gari la viti viwili, juu turubai, bodi ya faibaglasi badala ya bati. Mwaka huo yalitengenezwa magari 300 tu, kwa mkono, mjini Flint katika jimbo la Michigan. Yote yalikuwa meupe na viti vyekundu.

Bei iliyotangazwa ilikuwa dola 3,498. Katika orodha kulikuwa na vifaa viwili vya hiari: hita kwa dola 91.40 na redio kwa dola 145.15. Ajabu ni kwamba magari yote 300 yalitoka kiwandani yakiwa na hita na redio. Kwa maneno mengine, hiari ilikuwa kwenye karatasi tu. Mnunuzi aliyesoma 3,498 alipaswa kujiandaa kwa 3,734.55.

Mwaka uliofuata mambo yalinoga zaidi. Uzalishaji ulihamia mjini St. Louis, na bei ya tangazo ikashushwa hadi dola 2,774. Ukiitazama haraka unaona punguzo la dola 724, jambo la kushangilia. Lakini ukiisoma orodha unakuta kwamba gia otomatiki iliyoitwa Powerglide, ambayo mwaka 1953 ilikuwa ndani ya bei, sasa imehamishiwa kwenye vifaa vya ziada kwa dola 178.35.

Ni ziada gani hiyo, ikiwa hakukuwa na gia nyingine ya kuchagua? Gari halitembei bila giaboksi, kama vile kinu changu kisivyosaga bila mota.

Orodha iliendelea. Taa za indiketa, dola 16.75. Tairi zenye mstari mweupe ubavuni, dola 26.90. Kengele ya kukukumbusha breki ya mkono, dola 5.65. Taa za ndani, dola 4.05. Kifaa cha kurushia maji kwenye kioo cha mbele, dola 11.85. Ukijumlisha vyote pamoja na hita, redio na ile gia, unapata dola 480.10 juu ya bei ya bango. Gari la 2,774 limekuwa gari la 3,254.10.

Niwe mkweli: bei kweli ilikuwa imeshuka ikilinganishwa na mwaka 1953. Tatizo langu si bei kushuka. Tatizo ni kwamba namba iliyopigiwa tarumbeta haikuwa bei ya gari lolote ambalo mtu angeweza kulipanda na kuondoka nalo.

Na hila hiyo haikusaidia kitu. Mwaka 1954 yalitengenezwa magari 3,640, na mwaka ulipokwisha zaidi ya 1,000 yalikuwa bado hayana wenyewe. Mnunuzi alikuwa anaonyeshwa gari la spoti lenye injini ya silinda sita ya nguvu ya farasi 150, yaani HP 150, iliyounganishwa na gia otomatiki ya hatua mbili kama ya gari la familia. Milango haikuwa na vitasa vya nje, na madirisha yalikuwa ya plastiki ya kupachika. Bei ya bango inaweza kumleta mteja dukani, lakini haiwezi kumlazimisha apende anachokikuta.

Orodha iliyookoa gari

Nikiishia hapo mtu atadhani nachukia vifaa vya ziada. Sivyo. Orodha hiyohiyo, ilipotumiwa kwa haki, ndiyo iliyoiokoa Corvette isizikwe.

Mwaka 1955 kampuni ya Ford ilileta mshindani wake, Thunderbird, ikiwa na injini ya silinda nane tangu siku ya kwanza na madirisha ya vioo ya kuzungusha. Ford iliuza 16,155. Mwaka huohuo Corvette zilizotengenezwa zilikuwa 700. Katika biashara yoyote, tofauti ya namna hiyo ni sababu tosha ya kufunga duka.

Lakini ndani ya General Motors alikuwamo mhandisi aitwaye Zora Arkus-Duntov, aliyezaliwa Brussels mwaka 1909 na kujiunga na kampuni hiyo mwaka 1953, baada ya kuliona gari lile kwenye maonyesho ya New York. Desemba mwaka huo aliwaandikia wakubwa wake waraka. Hoja yake ilikuwa nyepesi: vijana wanaopenda kasi wananunua Ford kwa sababu vipuri vya kuziongezea nguvu vimejaa kila mahali. Chevrolet itengeneze yenyewe vipuri vya kuongeza nguvu, ivijaribu, iviuze kwa jina lake, na vijana watakuja.

Huo ulikuwa mtazamo wa mfanyabiashara aliyejua kwamba mteja mmoja anataka gari la kwendea kanisani na mwingine anataka gari la kushindana, na kwamba kiwanda kimoja kinaweza kuwahudumia wote wawili kwa bodi ileile ikiwa orodha imepangwa vizuri.

Mwaka 1955 ikaja injini mpya ya silinda nane, lita 4.3, HP 195. Ilikuwa nyongeza ya dola 135 tu. Kati ya magari yale 700, ni saba pekee yaliyobaki na silinda sita. Hapo utaona nguvu ya kifaa cha ziada cha kweli: mteja alipewa nafasi ya kuchagua, bei ikaandikwa wazi, akachagua mwenyewe.

Mwaka 1957 orodha ilikuwa imekomaa. Bei ya kuanzia ilikuwa dola 3,176.32 ikiwa na injini ya HP 220. Aliyetaka zaidi aliweza kuchukua injini ya kabureta mbili yenye HP 245 au 270. Aliyetaka makuu alichukua injini yenye mfumo wa kupuliza mafuta badala ya kabureta, HP 283, kwa nyongeza ya dola 484.20. Gia nne za mkono, zilizoongezwa kabla mwaka haujafika nusu, zilikuwa dola 188.30. Springi, shokapu na breki nzito za mashindano zilizidi dola 700.

Piga hesabu. Mnunuzi aliyechukua injini ya kupuliza mafuta, gia nne na vifaa vile vya mashindano aliongeza zaidi ya dola 1,370 juu ya 3,176. Hiyo ni zaidi ya asilimia 40 ya bei ya gari. Magari mawili yaliyosimama pamoja, rangi moja, jina moja, umbo moja, yalikuwa mashine mbili tofauti kabisa. Ndiyo maana nasema jina la mashine halikuambii umenunua nini. Orodha ndiyo inayokuambia.

Mauzo nayo yalijibu. Corvette zilitengenezwa 3,467 mwaka 1956, 6,339 mwaka 1957, na 14,531 mwaka 1962.

Injini bila breki, na injini bila fundi

Wanunuzi nao walikuwa na makosa yao, na makosa yale tunayarudia hapa kila msimu.

Kosa la kwanza ni kununua nguvu na kusahau breki. Mwaka 1962 injini ya juu kabisa, ya HP 360, ilimgharimu mnunuzi dola 484.20 za nyongeza. Katika orodha hiyohiyo kulikuwa na bitana za breki zenye madini, zilizostahimili joto kuliko za kawaida, kwa chini ya dola 40. Kati ya magari 14,531 ya mwaka huo, yaliyochukua breki hizo hayakufika 3,000. Watu walilipa mamia ya dola kwenda kasi na wakaona uchungu kulipa dola 40 ili wasimame.

Mwaka 1965 breki za diski ziliwekwa kwenye kila Corvette bila nyongeza. Hata hivyo, kiwanda kilikuwa bado na breki za dramu za zamani na kikatoa nafasi kwa anayezitaka arudishiwe dola 64.50. Walijitokeza watu 316. Ningependa kujua ni wangapi kati yao walizifurahia hizo dola 64 siku ya kwanza walipokutana na mteremko.

Sisi tunafanya vivyo hivyo. Mtu ananunua trekta ya HP 75 na kuungiza trela la tani tano ambalo halina breki. Mwingine anafunga pampu kubwa ya kumwagilia, halafu anaweka bomba jembamba kwa sababu bomba nene "ni ghali". Nguvu aliyoilipia inaishia kupasua viungio vya bomba.

Kosa la pili ni kununua kifaa ambacho fundi wa mtaani hakijui. Mfumo ule wa kupuliza mafuta wa mwaka 1957 ulikuwa kazi nzuri ya kihandisi. Lakini mafundi wengi wa mawakala walizoea kabureta, hawakuwa na mafunzo wala subira ya kuurekebisha. Gari likisumbua kuwaka au likitetemeka likiwa limesimama, dawa ya wengi ilikuwa kuung'oa mfumo mzima na kurudisha kabureta. Mnunuzi aliyelipa dola 484.20 akabaki na gari la kawaida na rundo la mabomba stoo.

Miaka mingi baadaye mifumo ileile iliyong'olewa ikaanza kutafutwa kama lulu na wenye kukarabati magari ya zamani. Hiyo haimsaidii aliyelala njiani mwaka 1958. Unaponunua mashine ya kisasa, jiulize fundi wa kuitibu yuko umbali gani na anakuja kwa shilingi ngapi. Kifaa kisicho na fundi ni pambo.

HP ya karatasi

Kosa la tatu ni kuamini namba ya nguvu iliyoandikwa bila kuuliza imepimwaje.

Hadi mwaka 1971 viwanda vya Marekani vilitangaza nguvu ya injini iliyopimwa ikiwa peke yake mezani: haina feni, haina chujio la hewa, haina ekzosi ya gari, haichaji betri. Mwaka 1972 vikaanza kutangaza nguvu ya injini ikiwa imefungwa vifaa vyake vyote. Injini ya kawaida ya Corvette, iliyotangazwa kuwa na HP 270 mwaka 1971, ilitangazwa kuwa na HP 200 mwaka 1972. Hakuna aliyeiba HP 70 usiku. Tofauti kubwa ilitokana na namna ya kupima.

Kuna hata namba iliyoandikwa ndogo kwa makusudi. Mwaka 1967 Corvette ilikuwa na injini ya lita 7 iliyotangazwa kuwa na HP 435, kwa nyongeza ya dola 437.10. Chini yake ikaandikwa nyingine, yenye alama ya L88, HP 430, kwa dola 947.90. Mtu wa kawaida akiangalia orodha hiyo anaona ujinga: nani alipe zaidi ya mara mbili ili apate HP tano pungufu?

Ukweli ni kwamba L88 ilikuwa injini ya mashindano yenye nguvu inayozidi HP 500, na kampuni haikutaka iangukie mikononi mwa mtu wa kwendea sokoni. Haikuja na redio wala hita. Ilihitaji petroli ya kiwango cha juu sana. Aliyeichukua alilazimika kuchukua pia breki nzito, springi ngumu na giaboksi maalumu, na hivyo vyote vililipiwa mbali. Hapo nawapongeza. Ni mahali pachache ambapo muuzaji alikataa kuuza injini bila breki.

Mwaka huo zilitoka Corvette 22,940. Zenye L88 zilikuwa 20.

Najua msomaji mpenda biashara anasubiri nifike hapa: Januari 2014 moja ya magari hayo 20 iliuzwa mnadani huko Scottsdale, Arizona, kwa dola milioni 3.85. Wapo wanaosimulia habari hiyo kama ushauri wa uwekezaji, kwamba nunua kile ambacho wengine wanakikimbia. Mimi naipinga tafsiri hiyo. Aliyelinunua gari lile mwaka 1967 alinunua chombo cha mashindano, kinachochemka kwenye foleni na kisicho na hita wakati wa barafu. Kusubiri miaka 47 si mpango wa biashara. Mkulima ananunua mashine imlipe msimu huu na ujao.

Jambo moja tu kwenye mnada ule nalikubali bila ubishi: karatasi. Gari la namna ile lina thamani kwa sababu mwenye nalo anaweza kuthibitisha kwamba injini iliyomo ndiyo iliyotoka nayo kiwandani. Magari mengi ya mwaka ule yaligandishwa karatasi ya maagizo juu ya tangi la mafuta, ikionyesha kila kifaa kilichoagizwa. Injini ina namba inayolingana na ya gari. Ukipoteza uthibitisho huo, gari lilelile linashuka thamani hata kama linanguruma vizuri.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa kwetu kadi ya gari ina namba ya injini na namba ya chesisi, lakini ni wangapi wanainama kuzisoma kabla ya kulipa? Na ukinunua trekta iliyotumika, unadai karatasi ya vifaa vilivyokuja nayo au unaridhika kupiga tairi teke?

Karatasi ya dirishani

Sasa nifike kwenye hoja yangu.

Miaka ya hamsini malalamiko kama yangu ya Morogoro yalikuwa mengi Marekani. Mteja alisoma bei moja kwenye tangazo, akatajiwa nyingine dukani, na alipofika kulipa akakuta ya tatu, kwa sababu hakuna aliyejua kwa uhakika kifaa kipi kimo ndani ya bei na kipi kimo nje. Seneta Mike Monroney wa jimbo la Oklahoma alipeleka muswada bungeni, na Julai 1958 ukawa sheria.

Sheria ile haikupanga bei. Haikukataza vifaa vya ziada. Haikumwambia muuzaji apunguze faida hata senti moja. Ilisema tu kwamba kila gari jipya libandikwe karatasi kwenye kioo, na karatasi hiyo ionyeshe aina ya gari na namba yake, bei ya kuanzia iliyopendekezwa na kiwanda, kila kifaa cha ziada kilichofungwa na bei yake, gharama ya kulisafirisha, na jumla. Karatasi isibanduliwe mpaka gari lifike mikononi mwa mnunuzi. Anayekiuka, faini hadi dola 1,000 kwa kila gari.

Hadi leo Wamarekani wanaiita karatasi hiyo kwa jina la yule seneta.

Je, biashara ilikufa? Angalia namba nilizozitaja. Orodha ya Corvette iliendelea kurefuka baada ya mwaka 1958, na mauzo yakapanda. Mwaka 1963, lilipokuja umbo jipya la Sting Ray, zilitengenezwa 21,513. Mteja aliyeona bei ya kila kifaa hakuogopa kuongeza vifaa. Kinachomwogopesha mteja ni kutojua.

Nasema, na sisi tuwe na karatasi yetu. Kila mashine mpya ya kilimo na usindikaji inayowekwa dukani ibandikwe orodha yenye mambo manne: kilichomo ndani ya bei, kisichokuwamo lakini mashine haifanyi kazi bila hicho, cha hiari kweli, na jumla ya bei ya mashine iliyo tayari kufanya kazi. Namba kubwa kwenye bango iwe hiyo jumla.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 tayari inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ipo kwa kazi hiyo. Kwa maoni yangu, bango linalotangaza kinu kwa jina la mashine ya kusaga linastahili kuangaliwa kwa jicho hilo. Tume haihitaji kuanza na nchi nzima. Ianze na trekta, pawatila, pampu na mashine za kusaga, kwa sababu hivyo ndivyo vitu ambavyo watu huuza ng'ombe na kukopa ili kuvinunua.

Nimewahi kuwasikia wauzaji wakijitetea. Wanasema wateja wengine wana mota zao tayari, au wana injini ya dizeli, kwa hiyo wanataka kinu tu. Ni kweli, na wauziwe kinu tu. Wanasema bei za vipuri zinabadilika na dola. Ni kweli pia, na karatasi hubadilishwa kwa dakika mbili na kalamu. Wapo wanaosema bei kamili itawatisha wateja. Huyo wa mwisho amekiri mwenyewe kwamba anamtegea mteja afike kwanza, ajifunge, ndipo ajue.

Mteja mwenye hasira harudi. Mimi na shemeji tulipopata mkopo hatukurudi kwenye duka lile, ingawa bei zake hazikuwa mbaya. Tulikwenda kwa mwingine aliyetuandikia kila kitu kwenye karatasi moja kabla hatujafungua pochi. Alikuwa ghali kidogo. Tulimlipa yeye.

Wakati tunasubiri Tume, mnunuzi ajilinde. Kabla hujatoa fedha, uliza maswali matano na udai majibu kwa maandishi. Bei hii inanipa mashine inayofanya kazi leo, au kuna kitu natakiwa kuongeza? HP hii imepimwa mashine ikiwa na mzigo au ikiwa tupu? Breki, bomba, nyaya na trela vinamudu nguvu hii? Fundi wake yuko wapi? Karatasi zake ziko wapi?

Muuzaji mwaminifu atajibu yote matano akiwa anatabasamu. Atakayekunja uso, mwage kwaheri mapema. Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia halafu ukatozwa na kamba ya kumfungia.

Kinu chetu sasa kinasaga. Ukutani, juu ya starta, shemeji amebandika ile karatasi ya orodha na bei, tangu kinu mpaka mkanda wa mwisho. Wateja wanadhani ni kibali cha halmashauri. Yeye huwaambia kwamba ile ndiyo karatasi ambayo angeidai kwanza kabla ya kupanda basi kwenda Morogoro.